Mvua Haijibu

"Hiyo unayoishona sasa ni ya kiume au ya kike?" Mama Nlandu aliuliza akiwa mlangoni, na kabla hajajibiwa akajijibu mwenyewe. "Ya kike. Naiona ilivyolika kisigino. Mwenyewe yuko wapi saa hizi, hujui na hujali. Wewe unashona tu."

Makiese hakuinua uso. Alikuwa amekaa chini uani, miguu ameinyoosha, ndala zimemzunguka pande zote. Ndala za bluu, nyekundu, za watoto, za wazee, nyingine mkanda umeungwa kwa waya. Alikuwa amezikusanya mwenyewe korongoni na kando ya mto Ndjili baada ya ile mvua. Sisi wa mtaa wa Kimbuta hatuitaji kwa tarehe. Ukisema "ile mvua" kila mtu anakunja uso, yatosha. Iliwakuta watu vitandani. Ilibeba kuta, ikabeba magodoro, ikabeba na watu, na asubuhi yake zilibaki ndala matopeni, kama vile watu wamezivua ili waingie msikitini.

Alizitoboa kwa msumari wa moto, akawa anazifunga moja moja kwenye wavu wa waya uliokaa kama joho. Mgongoni alining'iniza mabati mawili ya paa, ukitikisa mabega yanagonga, nawe unasikia kabisa mvua inavyoanza juu ya nyumba. Mabegani yaliteremka manyuzi meupe, vile vifuko vya maji ya kunywa vinavyouzwa barabarani, amevichana vyembamba. Vazi lilikuwa na jina. Liliitwa Mvua.

"Na beseni langu la bluu," akaendelea Mama Nlandu. "Tangu Jumanne nalitafuta. Nimeuliza kwa majirani mpaka nimeonekana mwehu. Kama liko humo ndani ya uchafu wako, Mama Plamedi, sema."

Beseni lilikuwa humo. Lilikuwa limegeuzwa kifudifudi, limetobolewa matundu mawili ya macho, ndicho kichwa cha Mvua. Makiese alilivutia taratibu chini ya gunia na kuuma uzi kwa meno. Hivyo ndivyo alivyoishi na mama mkwe wake: yule akisema, huyu ana kitu mdomoni.

"Sisemi na ukuta," Mama Nlandu akamalizia, akarudi kwenye kiti chake cha mlangoni kutazama njia.

Kutazama njia ndiyo ilikuwa kazi yake tangu ile mvua. Kitinda mimba wake, Glody, alitoka kwenda kumtoa jirani kitandani. Jirani alitoka. Glody hakurudi, na mwili haukuonekana. Familia nyingine zilikwisha kuweka matanga, zikalia, zikanyoa, zikamaliza. Nyumba ya Mama Nlandu haikulia. "Yuko Brazzaville, ng'ambo ya mto mkubwa," alimwambia kila aliyekuja na pole. "Maji yamemvusha. Kijana anajua kuogelea. Atapata nauli atarudi." Na mtu akikazana, alimwonyesha mlango.

Jioni Fwamba, mwanawe mkubwa, aliporudi na mwiko wake wa uashi usio na chembe ya saruji, maana kazi hakuna, alilikuta vazi limesimama uani peke yake. Alilizunguka mara mbili.

"Linatisha," akamwambia mkewe kwa sauti ya chini.

"Ndiyo linavyotakiwa."

"Mimi sikukatazi, usiseme nimekataza. Lakini kesho, tafadhali, tokea nyuma. Mama asilione likitembea."

"Kesho kuna wageni uwanjani, Fwamba, wanakuja kutazama mavazi yetu. Watachagua watu watatu waende Dakar kufanya kazi hii mwaka mzima, na chumba, na zana. Kila mwaka mimi nawashonea wengine. Mwaka huu naingia mwenyewe. Unataka nitoke kama mwizi wa kuku?"

"Nataka amani."

"Amani," akasema Makiese, akazikusanya sindano zake. "Amani ya nyumba hii naijua. Mimi ndiye ninayeinyamazia."

*

Hawakuwa wamemaliza hata kunawa mikono kwa ajili ya fufu, wanawake wawili wanaolima mchicha ukingoni mwa mto wakabisha hodi. Walikuwa na kitu wamekifunga katika jani la mgomba. Walikiweka mezani wakarudi nyuma.

Ilikuwa jezi ya njano, imeganda matope. Mgongoni namba nane. Hakuna asiyejua nani alikuwa namba nane wa timu ya Kimbuta.

Fwamba alikaa chini. Makiese alimvuta binti yao Plamedi, akamficha uso kwenye kanga. Mama Nlandu aliitazama ile jezi, akasema, "Shati si mtu."

"Mama..."

"Nimesema shati si mtu! Kwani hamvui mashati? Mtu akiogelea si anavua shati?"

Habari mtaani kwetu haihitaji miguu. Kabla fufu haijapoa, mjomba Mabiala alikwisha fika, na fimbo yake na koti lake la sherehe. Kwa watu wa Kongo mjomba ndiye mwenye mtoto. Yeye ndiye hutamka kwamba mtoto amekufa, yeye ndiye hufungua matanga. Na mtoto akifa kifo cha ghafla, yeye ndiye anayetazamwa kwanza, maana kwetu kijana hafi hivi hivi, lazima awepo aliyemla kwa uchawi. Mabiala alilijua hilo kuliko sala zake. Ndiyo maana alikuja mapema, kabla macho hayajamgeukia.

"Dada," akasema, "sasa basi. Kesho nafungua matanga."

"Matanga ya nani?"

"Usinifanye mtoto. Ya Glody."

"Kijana yuko Brazzaville."

Mjomba alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Alitazama dirishani, ambako wenzake Glody wa timu walikwisha jaa kama nzi, akapaza sauti ili wasikose neno. "Mume wako alikufa ghafla. Tukanyamaza. Nsona, binti yako, akafa na mimba. Tukanyamaza. Sasa huyu. Na mama mtu hataki hata kulia. Kwa nini mama asilie? Mimi sisemi kitu. Wahenga ndio waliosema kikulacho ki nguoni mwako."

Nje kulizuka mnong'ono. Hapo ndipo Makiese alipoelewa, na alishangaa kwamba siku zote hizi tangu ile mvua hakuwa ameelewa. Mkwewe hakuwa anamngoja Glody. Alikuwa anaikimbia siku ya matanga. Mtu mzima, mjane, watatu wamekufa mkononi mwake: siku hema litakaposimama, vijana watatafuta mchawi, na mchawi anayefaa kuliko wote amekaa palepale mlangoni kila siku.

"Kesho mchana," Mabiala akasema akisimama, "nitamwuliza mwenye kuulizwa mara tatu mbele ya watu, kama ilivyo desturi ya ukoo wetu. Aliye safi atajibu na kiapo chake kitapokelewa. Anayenyamaza amekubali."

"Na nikijibu utaupokea huo mdomo wangu, Mabiala?" Mama Nlandu akauliza. "Au umekwisha kuwapa vijana pombe?"

Mjomba alivaa kofia yake akaondoka bila kujibu. Desturi ya kujibu ilikuwa ya wengine, si yake.

*

Jumamosi jua liliwaka na upepo ulikuwa unahangaika, unainua mifuko ya plastiki na kuiacha. Kundi la watu wa mavazi lilijipanga nyuma ya kanisa la bati: mmoja amevaa nyaya za redio mwili mzima, mwingine vifuniko vya soda, na kiongozi wao, bwana mmoja mrefu tunayemwita Madumu kwa kuwa vazi lake lote ni madumu ya mafuta.

Fwamba ndiye aliyemfunga mkewe kamba za mgongoni.

"Mama amekataa kuondoka," akasema. "Nimemwambia twende kwa shangazi, kule Kintambo, mpaka yaishe. Anasema nyumba ni yake, alimwaga jasho lake, hatakimbizwa na wavuta bangi. Mimi narudi kukaa naye mlangoni."

"Na mimi?"

"Wewe nenda Dakar," akasema Fwamba. Alitaka iwe mzaha lakini ilitoka ikiwa nzito.

Madumu alipita akikagua. "Wapya mnisikilize. Ukishaingia ndani, jina lako limebaki nje. Husemi. Ukikanyaga msumari, husemi. Mama yako akikuita, wewe si mtoto wake. Huvui mpaka uwanjani, na hurudi nyuma. Anayesema ameua vazi, na mimi simjui tena. Makiese, umesikia?"

Beseni la bluu liliinama na kuinuka.

"Vizuri. Umeanza kujifunza. Ingawa wewe, nasikia kunyamaza ulikwisha fundishwa nyumbani," akasema Madumu, wenzake wakacheka. Ndani ya beseni Makiese alihisi masikio yanawaka.

Walitoka. Lo! Wale waliokuwepo bado wanahadithia. Mvua ilikuja na barabara nzima kwa mabati yake, gwa gwa gwa, ndala zinapigana makofi, manyuzi yanamwagika, na watoto waliokuwa wanacheza walikimbia kweli kweli kabla hawajakumbuka kwamba jua linawaka. Kisha mama mmoja muuza maandazi, Mama Chantal, akaweka mwiko wake chini na kufanya jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Alisimama katikati ya njia, mikono kiunoni.

"Wewe! Umerudi? Huna hata haya? Godoro langu liko wapi?"

Mvua ilisimama.

"Godoro la futi sita, nimelilalia wiki mbili tu! Lirudishe!"

Watu walivunjika mbavu. Kinyozi akatoka na mkasi. "Na friji yangu! Hata kwangu haijamaliza kugandisha barafu ya kwanza, ukaibeba! Ulikuwa na joto?"

"Mlango wangu!"

"Bata zangu! Hao si wanajua kuogelea, umewapeleka wapi?"

Kila mmoja alikuwa na lake. Walimtukana, wakamtemea mate pembeni, wakamcheka, na Makiese ndani ya waya, jasho likimwingia machoni, alitikisa mabega na kuwajibu kwa bati. Alikuwa na furaha ambayo hakuwa ameionja miaka mingi. Aliuona uwanja kwa mbali na bendera zake, na viti vya wageni chini ya turubai.

Na kwenye kona ya duka la mkaa wakapishana na wengine.

Walikuwa vijana wa timu, nyuso wamezipaka majivu, matawi viunoni, wanaimba zile nyimbo za matanga zisizofaa mbele ya watoto. Mbele yao Mpasi, nahodha, rafiki wa Glody wa kufa na kuzikana, ameinua jezi ya njano kwenye fimbo. Nyuma kijana mmoja alikuwa anasukuma tairi kuukuu. Mtaani kwetu mtu akisukuma tairi isiyo na gari kuelekea nyumba ya mtu mzima aliyeitwa mchawi, hatuulizi ya nini. Muuza mkaa alifunga duka.

Makiese aliwaona kwa yale matundu mawili. Jezi, kisha fimbo, kisha tairi. Wakapita.

Dumu lilimgonga begani. Madumu alikuwa anamwonyesha kwa kichwa: mbele. Uwanja ni huo. Hakusema, maana sheria ilimfunga hata yeye.

Unajua mtu anaweza kumchukia mama mkwe wake kwa haki kabisa? Yule mwanamke alimwita tasa mpaka Plamedi alipozaliwa, na Plamedi alipozaliwa akasema ni msichana tu. Aliwahi kumwaga mboga aliyoipika mbele ya wageni, akasema hata mbwa ana ulimi. Makiese alikuwa na orodha ndefu kichwani na alikuwa hajasahau hata moja. Alisimama pale kwenye kona na orodha yake, mabati yakigongana kidogo kwa upepo.

Kisha Mvua ikageuka nyuma.

*

Alipofika, na msururu wa watoto nyuma yake, uani hapakuwa na pa kuweka mguu. Mjomba Mabiala alikaa kwenye kiti cha mgeni, anatazama kucha zake. Fwamba alisimama mlangoni ameshika mwiko wake wa uashi, mtu mpole asiyewahi kumpiga hata mbuzi. Tairi ilikuwa imelazwa katikati.

"Mama Nlandu, toka!" Mpasi aliita, sauti imempasuka. "Mume, Nsona, Glody! Anayefuata nani, Fwamba? Au Plamedi?"

Mama Nlandu alitoka. Alikuwa ameoga, amefunga kilemba chake cha Pasaka. Ukimtazama usoni hungejua kitu, ila mikono yake ilikuwa imeshikana kwa nguvu mno.

"Niko hapa. Punguza kelele, sijawa kiziwi."

"Dada," mjomba akaanza, akikohoa, "mbele ya watu hawa nakuuliza mara ya kwanza..."

Ndipo mabati yalipogonga.

Makiese hakuwa na mpango wowote, na mimi sitamsingizia busara. Alitaka tu wageuke. Alitikisa mabega kwa nguvu zake zote, na uani kukanyesha, nakwambia, bati na ndala na manyuzi, mpaka kijana wa tairi akaruka pembeni. Watu waligeuka wote.

Mama Nlandu alilitazama lile lijitu. Alitazama ndala, akatazama mabati, na mwisho macho yake yakatua kwenye beseni la bluu. Yakakaa hapo.

"Mnamtafuta aliyemla kijana wangu?" akasema polepole. "Huyo hapo nyuma yenu."

Vijana wakamgeukia tena yeye.

"Mnanitazama nini? Siku ile si mlikuwepo? Wewe Mpasi, ulikuwa juu ya bati la Mama Chantal unalia 'mama, mama' kama mtoto wa chekechea. Chini alikuwa nani? Mliniona mimi nikimbeba rafiki yenu? Semeni! Au mlimwona huyu?"

Mtu mmoja akacheka cheko la woga. Mama Nlandu alishuka ngazi, akapita katikati ya vijana, wakampisha bila kujua wanampisha, akasimama mbele ya Mvua karibu kabisa.

"Mabiala alitaka kuuliza. Mtoto ni wangu, nitauliza mwenyewe. Mvua! Mwanangu umempeleka wapi? Jibu mbele ya watu."

Fwamba alipiga hatua. "Mama, usifanye hivyo, huyo ni..."

"Nyamaza, Fwamba! Nazungumza na mvua." Hakugeuka. "Nakuuliza mara ya pili. Kijana wa watu, hajavunja kitu, hajatukana mtu, alikwenda kumtoa mgonjwa kitandani. Ulimla kwa nini?"

Ndani ya waya Makiese aliona jicho la mkwewe kwa ukaribu ambao hakuwahi kuuona. Lilikuwa jekundu na lilikuwa linamsihi. Neno moja lingetosha. Angesema tu "ni mimi, Makiese", watu wangeangua kicheko, Mvua ingekuwa mke wa Fwamba aliyevaa takataka, na wangegeuka wamkute mchawi wao wa awali pale pale, karibu zaidi na tairi.

"Mara ya tatu," Mama Nlandu akasema, na sasa sauti yake ilikatika. "Mwanangu yuko wapi?"

Ndala moja ilidondoka kutoka kwenye vazi. Makiese alifunga mdomo mpaka akahisi ladha ya damu.

"Hajibu," akasema Mama Nlandu, akawageukia. "Kaka yangu, mwenye desturi, tuambie. Anayenyamaza mara tatu?"

Mjomba Mabiala aliwatazama vijana, akamtazama dada yake, akafanya hesabu zake. Aliona kwamba kwa njia hii hata yeye anapona. "Amekubali," akasema.

"Amekubali!" watoto wakapiga kelele. "Mvua ni mchawi!"

Pigo la kwanza lilikuwa la Mpasi, kwa ile fimbo ya jezi, na alikuwa analia anavyopiga, analia kamasi na majivu. "Ulimla! Ulimla!" Kisha wengine. Waliokuwa wakicheka barabarani sasa hawakucheka. Mama Chantal alinyofoa ndala akampiga nayo, "Godoro langu!" na safari hii hakumaanisha godoro, maana yeye naye alizika mjukuu. Walinyofoa ndala zote wakampiga nazo. Waya ulimwingia ubavuni, bati moja likamkata mkono. Aliinua mkono wa kushoto kujikinga, akaushusha. Mtu akamtupia tairi shingoni.

"Kiberiti! Nani ana kiberiti?"

Fwamba alitupa mwiko akaruka, lakini sauti ya mamake ilimtangulia.

"Wapumbavu nyie! Mmewahi kuona maji yakiungua? Mnataka kuchoma mvua muiudhi, irudi usiku huu huu? Mvua haichomwi. Inarudishwa mtoni!" Akamshika mwanawe bega na kumsukuma. "Wenye msiba ndio wanaoitupa. Fwamba! Mbebe mchawi wako."

Madumu alikuwa amefika akihema, naye amerudi nyuma, amesahau sheria zake. Wakaishika Mvua kwapa huku na huku, wakaikimbiza korongoni, umati nyuma yao unazomea. Pale ukuta wa kanisa unapoficha, Fwamba alikata kamba kwa kisu, mkewe akaanguka nje kama mtoto anayezaliwa, akatambaa nyuma ya choo. Umati ulipozunguka kona uliona waya, mabati na beseni la bluu vikibingirika shimoni. Walishangilia mpaka wakachoka. Halafu, mmoja mmoja, wakaanza kukaa chini na kulia.

Uwanjani wageni walichagua watatu wao. Mtu wa nyaya ni mmojawapo.

*

Saa kumi na moja hema lilikuwa limesimama barabarani na viti vya plastiki vinapangwa. Mjomba Mabiala alikwisha tamka. Ndani, Makiese amelala kwa ubavu mkekani, na Mama Nlandu anamkanda kwa taulo na maji ya chumvi. Alimkanda kama anavyofanya kila kitu, bila huruma mkononi.

"Tulia. Hapa pamevimba."

"Mama, ulijua ni mimi?"

"Beseni langu nilijue, wewe nisikujue? Hilo beseni utalilipa."

"Ndiyo, Mama."

Taulo likakamuliwa, likarudi. Makiese alingoja, kisha akauliza alilotaka kuliuliza. "Kama ningesema? Pale mara ya tatu. Kama ningesema ni mimi?"

"Ningechomwa."

"Hukuogopa?"

"Niliogopa mpaka nikajikojolea, kama unataka kujua yote. Lakini si wewe niliyekuogopa." Mama Nlandu alichovya taulo, hakumtazama. "Miaka saba uko kwangu. Nimekutukana asubuhi, nimekutukana jioni, mengine hata Mungu amenihesabia. Umewahi kunijibu hata neno moja?"

Makiese alifikiri. "Nilikuwa nakujibu chooni."

"Najua. Nilikuwa nakusikia. Siku ile ulinifananisha na bata mzinga nilikaa na hasira wiki nzima, na sikuweza kukuuliza."

Makiese alicheka, mbavu zikamchoma, akashika ubavu na kuendelea kucheka. Mama Nlandu naye akacheka, mkono mdomoni, maana nje kuna matanga. Kisha mkono wake ulitafuta pa kuweka taulo ukakutana na ile jezi ya njano, ambayo mtu alikuwa ameifua na kuikunja juu ya stuli. Kicheko kilimkauka.

Tangu ile mvua hakuwa amelitamka jina lake; alikuwa amesema "kijana", "yule", "mwanangu". Sasa aliichukua jezi akaiweka usoni.

"Glody," akasema.

Halafu akaliita hilo jina kwa sauti, kama wanavyoita mama zetu wanapoanzisha kilio, jina lake na la baba yake na la mto wa kwao, na kilio kama hicho kina mahali ambapo anayeanza hunyamaza angoje mwenzake aitikie. Akanyamaza. Nje walikuwa bado wanabishana juu ya viti. Mama Nlandu aliita tena, na safari hii Makiese alijiinua kwa kiwiko, akamjibu.